Insha ya MBA haisimami: dalili, chanzo, na pa kuanzia kurekebisha

Fomu ya kuomba nafasi ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ina maswali mengi yanayojibika haraka: ulisoma wapi, umefanya kazi miaka mingapi, mtihani wa kujiunga wa GMAT ulipata ngapi. Kisha linakuja swali moja ambalo halina kingo. Stanford wamekuwa wakiliuliza kwa miaka mingi: ni jambo gani unalolijali kuliko yote, na kwa nini? Harvard, hadi msimu wa 2023, walikuwa wakikupa nafasi ya maneno 900 na kuuliza tu ni nini zaidi ungependa wajue kukuhusu. INSEAD, shule ya biashara yenye makao Ufaransa, nao wamekuwa wakimwambia mwombaji ajieleze waziwazi kama mtu, nguvu zake, udhaifu wake na mambo yaliyomjenga, kwa maneno kama 500.

Vijana wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaoniletea rasimu zao si wavivu. Kuna wahasibu, watu wa lojistiki, wauguzi waliogeuka wasimamizi wa miradi, na wauza kahawa wanaojua bei ya soko la dunia kuliko mimi. Lakini rasimu zao zinaugua magonjwa yaleyale, na mara nyingi mwenyewe anahangaika na dalili huku chanzo kimekaa. Anaandika upya sentensi ya kwanza kila usiku, kumbe tatizo liko kwenye aya ambayo bado hajathubutu kuiandika.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, nyingine ziruke. Kabla ya hapo, pima hivi. Chukua kalamu, pigia mstari kila mahali kwenye rasimu ulipochagua jambo moja ukaacha lingine, na kulikuwa na kitu cha kupoteza. Ukifika mwisho bila mstari hata mmoja, basi umeshakijua chanzo, dalili iwe yoyote. Shule hizi zinafundisha watu kuamua wakati taarifa hazitoshi. Harvard wanafundisha kwa visa: mwanafunzi anasoma habari ya kampuni iliyo njia panda, anaingia darasani, anaulizwa wewe ungefanya nini. Alama zako zinaonyesha kwamba unaweza kusoma, barua za wadhamini zinaonyesha wengine wanakuonaje. Jinsi unavyochagua, na kwa sababu gani, wataiona hasa kwenye insha.

DALILI: Umekaa mbele ya ukurasa mweupe na hakuna kinachotoka

Chanzo ni kwamba unatafuta jibu sahihi. Mdogo wangu mmoja aliniuliza, "Yaya, lakini hawa watu wanataka kusikia nini?" Nikamwambia wangekuwa na jibu wanalolitaka wasingeuliza swali pana namna hiyo, wangeweka visanduku vya kutia alama.

Wengi huanza na jina kubwa: familia, elimu, amani, uadilifu. Halafu wanatafuta hadithi ya kulivalisha. Geuza. Anza na gharama. Andika orodha ya mambo yaliyokugharimu kitu kwa sababu uliyataka mwenyewe: pesa, usingizi, rafiki, kazi, heshima mbele ya wakubwa. Iandike kwa lugha unayogombania na ndugu zako nyumbani, iwe Kiswahili chetu, Kinande, Kishi au Kihunde. Usiiandike kwa Kiingereza, maana Kiingereza cha watu wengi hapa ni cha ofisini, na orodha itatoka ya kiofisi.

Tuseme orodha ya dada mmoja inatoka hivi. Aligoma kusaini hesabu ya ghala ambayo hakuihesabu mwenyewe. Aliacha kazi kwenye taasisi ya mikopo midogo kwa sababu wakopaji hawakuwa wakielezwa riba yote. Kwenye kikundi cha akiba cha akina mama wa Mabanga alisisitiza daftari lisomwe kwa sauti kila kikao, na baadhi walimnunia. Ukizisoma pamoja unaona kitu kimoja: huyu hawezi kuvumilia pesa ya watu isiyoonekana inakwenda wapi. Hilo ndilo analolijali. Hakulitoa kwenye kamusi ya maadili, na hakuna mwombaji mwingine atakayelileta kwa umbo hilohilo. Neno "uwazi" likija baadaye, sawa. Lisipokuja, hakuna hasara.

DALILI: Aya ya kwanza inazungumzia ulimwengu

"Tangu zamani, binadamu amekuwa akitafuta maendeleo." "Katika dunia ya leo ya utandawazi." Ukiona sentensi ya aina hii kwenye rasimu yako, unajua ilikotoka: ni disertasio, ile insha ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Tulifundishwa kuanza mbali, kusogea polepole hadi kwenye mada, kuweka hoja, kuweka pingamizi, kuzipatanisha, kisha kufunga kwa kufungua swali lingine. Tulifundishwa pia kwamba mwandishi hajitaji. Mafunzo hayo hayakuwa mabaya, yalitupatia diploma. Ila pale mkaguzi alikuwa anapima kama unaweza kujenga hoja juu ya mada yake, na hapa mada ni wewe.

Hesabu kidogo. Stanford wanashauri insha ya kwanza isizidi maneno 650, na ya pili, ya kwa nini Stanford, kama 350, zote mbili zisipite 1,000. Utangulizi wa maneno 120 juu ya binadamu na utandawazi umeshakula karibu moja ya tano ya nafasi yako, na msomaji bado hajui jina la mtaa wako.

Dawa yake ni kali lakini ya haraka: futa aya ya kwanza yote, usome ya pili. Mara nyingi sana insha inaanzia pale. Kisha nenda mwisho, futa aya ya hitimisho pia. Kama hakuna kilichopotea, ziache kaburini.

Kuna ndugu yake wa karibu: mtindo wa barua ya kuomba kazi kwa Mheshimiwa. "Nina heshima ya kuja mbele ya wema wenu mkubwa." Kwa meya ni adabu, kwa kamati ya udahili ni maneno tisa yaliyopotea. Hata MIT Sloan, ambao kwa kweli wanaomba barua iliyoelekezwa kwa kamati, wanakupa maneno 300 tu. Heshima pale ni kutompotezea mtu muda.

DALILI: Vita na volkano vimekumeza

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, na ndiyo ya kwetu hasa. Insha inaanza na Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, inapita kwenye ile ya 22 Mei 2021, inakuja Januari 2025 mji ulipotekwa na M23, inataja wakimbizi, inataja bei ya makala, yaani mkaa. Msomaji akimaliza amejua mengi kuhusu Goma. Kuhusu mwandishi amejua kwamba alikuwepo.

Chanzo kina pande mbili. Upande mmoja hatupendi kuutaja: tumeishi miaka mingi na wageni wenye kamera na daftari, tukajifunza kwamba ukitaka kusikilizwa, toa machungu. Mtoto wa hapa anajua mapema ni hadithi ipi inamfanya mgeni aache kutazama simu yake. Upande wa pili ni wa haki kabisa: mambo haya yametokea, ni mazito, na kuandika maisha ya mtu wa Goma bila kuyataja ni sawa na kudanganya. Kwa hiyo sisemi uyatoe. Ninachosema ni kwamba huruma haimpi mtu kiti darasani. Msomaji anaweza kukuhurumia kwa moyo wote na bado akaweka faili lako kando, kwa sababu hakuona utafanya nini ukipewa kundi la kuongoza.

Pima hivi: kwenye kila aya ya mateso, toa jina lako, weka la jirani. Aya bado inasimama? Basi si yako, ni ya mji mzima. Sasa jiulize kesho yake asubuhi ulifanya nini ambacho jirani hakufanya.

Chukua tarehe 27 Mei 2021, siku tuliyoambiwa tuhame. Mji ulijaa barabarani: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, wengine wakasongamana bandarini kutafuta boti ya Bukavu. Rasimu ya kawaida inatumia maneno 200 kueleza moshi, vilio na mitetemeko. Tuseme mwandishi alikuwa anasimamia duka la dawa za jumla. Hebu aandike hivi:

"Asubuhi tulipoambiwa tuhame nilikuwa na funguo za ghala na gari moja. Insulini isingedumu bila baridi, lakini iliyokuwa na thamani kubwa ya pesa ni antibiotiki. Nilipakia insulini, nikampigia mwenye duka nikiwa njiani. Alikasirika. Tulichukua wiki tatu kuelewana, na tangu hapo tuna orodha ukutani ya nini kinatoka kwanza."

Volkano imepata nusu sentensi, na bado iko pale, nzito kama ilivyo. Lakini sasa namwona mtu anayepanga vipaumbele, anayekubali kugombezwa, na anayeacha utaratibu nyuma yake. Hilo ndilo somo la uendeshaji wa biashara, amelifanya kabla ya kufundishwa.

Au chukua miezi ya mwanzo ya 2025, benki zilipofunga milango. Kama wewe ndiye uliyekuwa na jukumu la kulipa wafanyakazi, ulikuwa na njia chache na zote mbaya: pesa kwa simu, yenye viwango vya mwisho na maajenti wasio na noti za kutoa, kuvuka mpaka kufuata pesa taslimu, au kuwaambia watu wasubiri. Ulichagua ipi? Nani aliumia kwa uchaguzi huo? Ulimwambiaje? Waombaji wengi duniani wanasoma upungufu wa ukwasi kwenye vitabu. Wewe uliushika mkononi, halafu unaniandikia aya juu ya milio ya risasi.

Mambo mawili ya tahadhari hapa, na siyatamki kwa mzaha. Fomu hizi zinasomwa na watu usiowajua na zinahifadhiwa mahali usipopajua. Usiandike majina ya watu, wala maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu aliye bado hatarini, hata kama yanaifanya hadithi iwe tamu. Na pili, huna deni la kumwonyesha mtu yeyote kidonda chako. Kama kuna jambo huwezi kulisoma kwa sauti mbele ya rafiki, liache. Swali pana linakuruhusu kuchagua, na kunyamazia jambo pia ni kuchagua.

DALILI: Insha inasomeka kama ripoti ya mradi

"Mradi ulichangia katika kuimarisha uwezo wa wanufaika 1,200 katika maeneo lengwa, licha ya muktadha tete wa usalama."

Tunacheka, lakini nusu ya mji huu imewahi kuandika sentensi hiyo. ONG, mashirika yasiyo ya kiserikali, ndizo mwajiri mkubwa wa wasomi wetu, na lugha ya ripoti ina kazi yake: inamlinda anayeandika. Mafanikio ni ya mradi, kushindwa ni kwa muktadha, na hakuna mtu aliyefanya chochote kwa mkono wake. Mfadhili anaridhika. Ukiihamishia kwenye insha, inakulinda vizuri mno hadi huonekani.

Kupaka rangi hakusaidii. Ukibadilisha "mradi ulichangia" kuwa "niliongoza kwa shauku mradi uliochangia", umeongeza kelele tu. Jiulize maswali haya, ujibu kwa sentensi za kawaida. Kwenye kikao, nani alikupinga, na alikuwa na hoja gani? Bajeti ilipopunguzwa, ulikata nini, na kwa nini si kile kingine? Wewe uliyekuwa kwenye maeneo ya Masisi au Nyiragongo ulijua nini ambacho ofisi ya Kinshasa au Geneva haikukijua? Ulitakiwa kufuata utaratibu gani ambao ulijua hautafanya kazi, na ulifanyaje?

Kwenye tarakimu pia kuna mtego. Wanufaika 1,200 waliandikwa kwenye hati ya mradi kabla hujaajiriwa. Hao si wako. Lakini kama ununuzi wa mafuta ya jenereta ulikuwa unachukua siku tisa na wewe ukaufanya uchukue tatu, hiyo tarakimu ni yako, hata kama ni ndogo na haina utukufu. Weka ndogo iliyo yako.

Na hapa linaingia suala la "sisi". Tulipanga, tulihamasisha, tulifanikiwa. Wanaozisoma insha hizi huko mbali wanabaki wanajiuliza: wewe ulikuwa wapi kati ya hao wote? Chanzo chake si uvivu, ni malezi. Mtoto aliyelelewa vizuri hajisifu mbele ya wakubwa, na mwenye kusema "mimi, mimi" tunamjua mwisho wake. Nimeona washauri wanaowaambia vijana wetu wajifunze kujitangaza kama Wamarekani. Siafiki. Matokeo yake ni mtu anayezungumza kwa sauti ya kuazima, na inasikika.

Kuna njia inayotunza adabu na ukweli kwa pamoja: gawa kazi kwa usahihi. "Mwenzangu alizungumza na chifu wa mtaa kwa sababu alimfahamu. Bosi alisaini. Mimi nilihesabu magunia, nikagundua 60 hayapo, nikakataa lori liondoke." Hapo hujajisifu hata kidogo. Umewapa wengine haki yao, na kwa kufanya hivyo sehemu yako imeonekana wazi kuliko ungetumia "niliongoza" mara kumi.

DALILI: Udhaifu wako ni kwamba unafanya kazi kupita kiasi

Msomaji wa kamati anaishika insha kama mbadilisha pesa wa Birere anavyoishika noti ya dola 100: anaielekeza kwenye mwanga, anapapasa, anatafuta kama ni ya kweli. "Mimi ni mkamilifu mno" au "ninajali kazi kuliko afya yangu" haivuki mkono wake.

Udhaifu wa kweli una mtu aliyeumia. Ulichelewa kumwambia mfanyakazi kwamba hafai kwenye nafasi ile, akapoteza mwaka. Ulikuwa unakagua kila karatasi mwenyewe, na ulipougua malaria ofisi ikasimama. Sema lililotokea, sema umeweka utaratibu gani ili lisijirudie, na kama bado linakushinda mara nyingine, sema hivyo pia. Usitafute udhaifu uliovaa nguo ya sifa. Na usiende upande wa pili ukaanza kutubu. Pale si kanisani.

DALILI: "Nataka kuchangia maendeleo ya nchi yangu"

Unaitaka kweli, sina shaka. Lakini sentensi hii haiwezi kukanushwa na mtu yeyote, kwa hiyo haisemi kitu. Chanzo ni kwamba umeanza na nchi, ambayo ni kubwa, badala ya kazi, ambayo ina mlango na meza.

Columbia wana zoezi zuri la kukufundisha hili hata kama huombi kwao: wanakutaka utaje lengo lako la mara tu baada ya MBA kwa herufi 50, nafasi zikihesabiwa. Jaribu kwa Kiswahili: "Meneja wa mauzo ya kahawa ya Kivu, soko la Ulaya." Bila nukta ni herufi 48. Ukishaweza hivyo, panua. Kahawa ya wapi: Idjwi, Minova, Kabare? Kwa miaka mingi wakulima wa kandokando ya ziwa walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengine walizama, kwa sababu upande huu bei, kodi na usumbufu havikuwaachia kitu. Kwa nini vituo vya kuoshea kahawa vilibadilisha hesabu hiyo kwa baadhi yao? Nani anawakopesha wanaushirika pesa ya kununua cheri wakati wa mavuno, kabla mnunuzi wa nje hajalipa? Wewe hujui nini bado kuhusu mkopo huo, hadi ukaona ulazima wa kwenda shule miaka miwili? Sasa nchi imejitokeza yenyewe bila kuitwa.

Usiahidi kurudi kama hujaamua kurudi. Unaweza kuandika kwamba utafanya kazi Nairobi au London miaka kadhaa kwanza, na ukaeleza unafuata ujuzi gani huko. Ukweli uliopangwa vizuri unaaminika kuliko kiapo cha uzalendo.

DALILI: Insha moja inatumwa shule zote

Unabadilisha jina la shule tu, na siku moja unasahau kulibadilisha. Hata usiposahau, maswali hayafanani. Harvard waliachana na lile swali pana mwaka 2024, sasa ni insha tatu fupi: moja ya maneno 300 juu ya uchaguzi wako wa kazi na mtazamo wako wa kibiashara, na mbili za maneno 250, juu ya uongozi na juu ya udadisi unaokukuza. Fuqua ya Chuo Kikuu cha Duke wamekuwa wakitaka orodha ya mambo 25 kukuhusu, na Stern ya New York wamezoea kuomba picha sita zenye maelezo. Huwezi kukata insha ya Stanford vipande 25.

Usihifadhi insha, hifadhi hadithi. Kuwa na matukio sita au saba yaliyoandikwa kwa ufupi: nini kilitokea, ulichagua nini, nini kilifuata, bado unajiuliza nini. Kila shule ichukulie zile zinazofaa. Na sehemu ya "kwa nini shule yetu", usiwasomee tovuti yao. INSEAD wanajua kwamba wako Fontainebleau, Singapore na Abu Dhabi. Wasichojua ni somo lipi kati ya yao linagusa tatizo lako la mkopo wa mavuno.

DALILI: Kiingereza kimetoka laini mno, na hakuna mtu ndani

Njia inajulikana: rasimu ya Kifaransa, ikapita kwenye programu ya kutafsiri, kisha ikapewa programu ya akili bandia "iipendezeshe". Kila hatua imekwangua kitu. Mwisho umebaki na aya zinazong'aa ambazo zingeweza kuandikwa na mtu wa Lima au wa Manila. Shule nyingi sasa zina masharti yao kuhusu programu hizi, na hayafanani. Yasome kabla hujabofya chochote, maana unapotuma fomu unathibitisha kwamba kazi ni yako.

Hofu iliyo chini ni ya Kiingereza. Itulize: kuna TOEFL na IELTS kwa kazi hiyo, insha haikupimi utamu wa lugha. Mtumie rafiki ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp ukimsimulia tukio kwa lugha yoyote, dakika nne. Usikilize, uandike ulichosema. Kisha uweke mwenyewe kwa Kiingereza chako, sentensi fupi. Makosa ya sarufi mtu anaweza kukusahihishia baadaye. Sauti iliyopotea hairudishwi na msahihishaji.

Wasomaji wawili wanatosha: mmoja anayeijua kazi yako, akukamate ukiongeza chumvi, mwingine asiyeijua Goma kabisa, akuulize barabara ya Sake ni nini. Ukipeleka kwa binamu watano utarudi na insha tano, na ya kwako haitakuwamo.

MENGINE YA KUKWAMA, KWA HARAKA

Saa. Shule nyingi za Marekani zina duru ya kwanza Septemba na ya pili Januari. Ikiandikwa saa sita mchana ya Boston, kwetu ni 18:00 mwezi Septemba, lakini 19:00 mwezi Januari, kwa sababu wao wanasogeza saa zao na sisi hatusogezi. Usingoje saa hiyo. Umeme ukikatika na mega za intaneti zikaisha, mfumo haujui habari hizo.

Nafasi. Visanduku vya fomu vinahesabu kwa namna yao. Bandika maandishi mapema uone kama yanaenea, na ukague kama herufi za ajabu hazijaingia.

Mdhamini. Shule inamtumia kiungo yeye mwenyewe, barua haipiti kwako. Kama bosi wako alihamishiwa Bujumbura au Nairobi, mpigie leo. Mwambie ni tukio gani umeliandika ili naye alikumbuke kwa macho yake. Usimwandikie barua hata akikuomba, na atakuomba.

Pengo. Ofisi ilifungwa, chuo kilichelewesha matokeo, ulihama. Shule nyingi zina insha ya hiari kwa ajili hiyo. Watu huitumia kulia upya, au wanaogopa kuijaza. Ijaze kikavu: "Kuanzia Februari hadi Agosti 2025 sikuwa na ajira kwa sababu ofisi yetu ilifungwa. Kipindi hicho niliweka sawa hesabu za duka la shangazi yangu Majengo na kujiandaa kwa GMAT. Matokeo ya mwaka wa mwisho yalichelewa. Nakala iliyothibitishwa imeambatishwa." Tarehe, sababu, ulichofanya, kilichoambatishwa. Usiongeze sentensi ya kuomba wakuelewe.